Lori Lisilo na Dereva

Katika miaka 37 niliyofundisha shule za msingi nimewanyang'anya watoto vitu vingi: manati, gololi, karata, na safari moja kinyonga aliyefungwa uzi mguuni. Karibu vyote nilivirudisha siku ya kufunga shule. Kimoja sikukirudisha. Kilikuwa kitabu cha Elvis Musiba, Kufa na Kupona, kilichotoka mwaka 1974, nacho nilikichukua kwa mvulana wa darasa la saba aliyekuwa amekificha ndani ya kitabu cha Jiografia. Nilimchapa viboko viwili mbele ya wenzake, nikawaeleza kwamba hadithi za namna ile huharibu akili. Usiku ule niliwasha koroboi, nikamsoma Willy Gamba mpaka jogoo wa kwanza. Wiki iliyofuata nikakirudia. Kisha nikamwazima mwalimu mwenzangu, naye hakukirudisha.

Ndugu msomaji, naanza na ungamo hili dogo kwa sababu insha hii ina ungamo jingine lililo kubwa zaidi. Nataka kueleza habari za filamu fulani za kusisimua, zilizotengenezwa ng'ambo kwa ajili ya televisheni tu, ambazo nyingi hata huko kwao zimesahauliwa. Nataka kueleza jinsi zilivyofika kwetu Ngara na Biharamulo, mahali ambapo televisheni yenyewe haikuwapo, na kwa nini zilitushika roho. Ndani ya habari hizo lipo deni ninalodaiwa na kijana mmoja niliyemfundisha.

Vijana wa leo hustaajabu nikiwaambia kwamba Tanzania Bara ilikaa miaka 33 baada ya Uhuru bila kituo hata kimoja cha televisheni. Jirani zetu Wakenya walianza mwaka 1962, Waganda mwaka 1963, na ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi mwaka 1974. Kwa upande wa Bara, serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba televisheni ni anasa ya watu wachache wa mjini, na fedha ya umma ina kazi nyingine. Tulikuwa na redio. Tulimsikiliza Pwagu na mwenzake Pwaguzi, tukacheka, tukalala. Vituo vya kwanza vya televisheni, vya watu binafsi, vilianza Dar es Salaam mwaka 1994, lakini Ngara iko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na mawimbi yale hayakutuhusu.

Hii haina maana kwamba hatukuwa tumeona picha zinazotembea. Nilipokuwa mtoto gari la sinema lilikuwa likija mara moja moja, likasimama kiwanjani, likatandaza shuka jeupe, na kijiji kizima kikakaa chini. Lakini ile ilikuwa sinema ya kuelekeza. Ilitufundisha kuchimba choo, kupanda kahawa kwa mistari, kuchemsha maji ya kunywa. Mwenye kutaka kuogopa alikwenda kwa bibi yake jioni, akasimuliwa habari za zimwi. Gari la sinema halikuwa na zimwi.

Wakati sisi tunatazama jinsi ya kuchimba choo, Wamarekani walikuwa wamegundua biashara mpya. Tarehe 7 Oktoba 1964 shirika lao la NBC lilionyesha See How They Run, ambayo huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa televisheni, nayo ilikuwa ya kusisimua. Kuanzia mwaka 1969 shirika la ABC likaweka filamu mpya ya namna hiyo kila wiki. Muda uliotengwa ulikuwa dakika 90, lakini ukiondoa matangazo ya biashara, filamu yenyewe ilibaki kama dakika 74 hivi.

Mambo mawili yalizifanya filamu hizi ziwe jinsi zilivyo. La kwanza ni umaskini. Fedha zilikuwa kidogo na siku za kupiga picha chache, kwa hiyo mwandishi hakuweza kuomba jeshi, wala meli, wala mji unaoungua. Alipewa nyumba moja, simu moja, barabara moja, na watu wanne watano, akaambiwa awatishe watu kwa hivyo. La pili ni matangazo. Mtazamaji alikuwa nyumbani kwake, na baada ya kila robo saa hadithi ilikatizwa ili auziwe sabuni. Ilibidi basi kila sehemu ikomee mahali ambapo mtu hawezi kuinuka kitini. Nikiwa mwalimu niliyefundisha utungaji kwa miaka mingi, nakiri kwamba sharti hili ni gumu, na aliyelitimiza alikuwa fundi.

Nyingi zilionyeshwa mara moja au mbili, zikawekwa kabatini. Kisha mwaka 1976 kampuni ya JVC ya Japani ikatoa mashine ya video ya VHS, na mtu yeyote mwenye mashine hiyo akaweza kunasa kipindi cha televisheni kwenye kanda na kukipeleka anakotaka. Hapo ndipo filamu zile zilipopata miguu.

Kwetu zilifika kwa njia ya malori, na yalikuja kwa sababu ya msiba. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa wingi ambao hatukuwa tumeuona. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilitaja watu 250,000 katika muda wa saa 24. Hata wale waliohesabu baadaye kwa uangalifu zaidi na kupunguza idadi hiyo hawakushuka chini ya laki moja na nusu. Kambi ya kwanza iliwekwa Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Chakula chao kililetwa kwa reli mpaka Isaka, kisha kwa malori mpaka Ngara. Barabara yetu, ambayo zamani mtoto aliweza kucheza gololi katikati yake, ikawa na malori usiku na mchana.

Penye madereva hapakosi chai, na penye chai hapakosi mtu wa kuwaburudisha. Katika kituo kimoja cha biashara kando ya barabara, karibu na shule niliyokuwa mwalimu mkuu, kilisimama kibanda cha video. Kuta zilikuwa za mabanzi, paa la turubai la plastiki kama lile la kambini. Ndani kulikuwa na televisheni ya inchi 21 juu ya meza, mashine ya video, na benchi kumi na mbili. Nje jenereta ilinguruma. Kiingilio kilikuwa shilingi 100 kwa mtu mzima na 50 kwa mtoto.

Filamu zilikuwa za Kiingereza na wateja hawakukijua Kiingereza, kwa hiyo alihitajika mtu wa kusimama karibu na televisheni na kueleza. Kazi hii baadaye imekuwa maarufu. Waganda wana mafundi wake wengi mpaka leo, na hapa Tanzania Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipata sifa nchi nzima kwa kanda alizozitia sauti yake. Katika kibanda chetu aliyeifanya alikuwa kijana niliyemfundisha mwenyewe, aliyemaliza darasa la saba mwaka 1989 bila kuchaguliwa kwenda sekondari. Wateja walimwita Mkalimani, nami nitamwita hivyo hivyo. Kiingereza chake kilikuwa kile nilichompa mimi, na nilichompa hakikuwa kingi.

Mwaka 1995 mahudhurio ya darasa la saba yalianza kushuka. Siku za gulio, katika wanafunzi 41, tisa au kumi hawakuonekana. Niliambiwa wako kibandani. Nikaamua kwenda mwenyewe kukusanya ushahidi ili niandikie ofisi ya kata. Nilivaa kofia ya pama, nikalipa shilingi 100, nikakaa benchi la nyuma na daftari mapajani. Nilikuwa nimekwisha kuandika majina manne wakati Mkalimani alipotia kanda ndani ya mashine.

Kanda haikuwa na karatasi ya jina. Mtu mmoja mwenye gari dogo jekundu anasafiri peke yake katika nchi kavu yenye vilima. Mbele yake liko lori kuukuu la mafuta, lenye kutu, linalotoa moshi mweusi. Analipita. Lori nalo linampita, kisha linapunguza mwendo na kumzibia njia.

Benchi za mbele zilikaliwa na madereva na utingo wao, nao walishangilia. Kwao hapakuwa na shaka nani mwenye haki. Dereva wa gari dogo ni yule anayekupigia honi kwenye mlima ukiwa na tani thelathini, halafu anakukatia mbele kama barabara ni ya babu yake. "Mfundishe adabu!" wakasema. Mkalimani akaelewa soko lake, akalisifu lori.

Ndipo likaja jambo moja dogo. Mkono unatoka dirishani mwa lori na kumwashiria mwenye gari dogo apite. Anapita, na kumbe mbele kuna gari linakuja. Anaponea chupuchupu.

Kibanda kilinyamaza. Msomaji ambaye hajasafiri nyuma ya malori huenda asielewe. Katika barabara nyembamba yenye kona, dereva wa lori ndiye anayeona mbele, na mwenye gari dogo huuweka uhai wake katika ishara ya mtu asiyemjua. Ishara hiyo ni amana. Madereva wale walikuwa wameitoa mara elfu, na hakuna aliyewahi kuifanyia hila. Mzee mmoja wa makamo aliyekaa mbele yangu alisema polepole, "Huyo si dereva." Tangu hapo hakuna aliyelishangilia lori tena.

Uso wa mwendeshaji hauonekani mpaka mwisho. Unaonyeshwa mkono, unaonyeshwa buti, basi. Mtu wa gari dogo anaingia mkahawani, anaona wanaume kadhaa wote wamevaa buti kama zile, na hajui ni yupi. Baadaye gari lake linapanda mlima huku lori liko nyuma, na benchi za mbele zikapiga kelele kabla Mkalimani hajafungua kinywa: "Rejeta! Rejeta inachemka!" Hawakuhitaji mkalimani kwa lugha ile. Mwishoni lori linaligonga gari dogo, ambalo mwenyewe amekwisha kuruka, na vyote viwili vinaporomoka gengeni. Mtu yule anabaki ukingoni peke yake, anatupa vijiwe bondeni, jua linazama.

Hakuna aliyeinuka. Kisha yule mzee akauliza, kana kwamba anaulizia habari za jirani, "Na utingo wake je?"

Watu walicheka, lakini mimi nilirudi nyumbani na swali lile. Lori lile halikuwa na utingo. Lilikuwa lori lisilo na mtu wa kuteremka kuweka jiwe kwenye gurudumu, lisilo na wa kumwambia mwendeshaji, "Bosi, mwache huyo." Nilipofungua daftari langu usiku niliona kwamba baada ya jina la nne sikuandika chochote.

Siku ya tatu nilirudi. Nilijiambia kwamba nakwenda kukamilisha ushahidi.

Kanda ya siku ile ilikuwa imenaswa kutoka televisheni ya Uingereza, na nasikia ilitoka kwa mfanyakazi mmoja wa shirika la misaada. Matangazo ya biashara yalikuwa bado yamo. Mume na mke wanasafiri jangwani, wanasimama kula mahali pa kando ya barabara, na ghafla mume hayupo. Mke anauliza. Mpishi anasema hakumwona. Mteja mwingine anasema hakumwona. Mara likaja tangazo, mwanamke anafua mashati na kutabasamu. Mkalimani hakubabaika. Akasema huyu ni dada wa mume aliyepotea, anamfulia nguo maana hajui kwamba kaka yake ametoweka. Ndugu msomaji, nimesoma vitabu vingi, lakini sijui kama nimewahi kukutana na uongo uliotengenezwa haraka namna ile na ukafaa namna ile. Watu wakamwonea huruma dada wa watu.

Lakini mke alipoendelea kuuliza, na kila mtu akaendelea kumwambia kwamba labda mumewe ameondoka mwenyewe, kicheko kiliisha. Wakati ule katika wilaya yetu kila mtu alikuwa ameulizwa swali kama lile. Walimu tuliulizwa shuleni, wauza ndizi waliulizwa sokoni: umemwona mtu wa namna hii, mrefu, ana kovu hapa? Mashirika yalikuwa yakiwaorodhesha watoto waliopotezana na wazazi wao. Nasi tulijibu kweli kwamba hatukumwona, na aliyeuliza alitutazama kana kwamba tunamficha. Mkalimani aliacha kutafsiri. Alisimama kando ya televisheni mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele, na filamu ikaendelea kwa Kiingereza chake yenyewe. Hakuna aliyedai pesa yake.

Kesho yake niliandika barua kwa ofisi ya kata. Niliiandika kwa mwandiko wangu bora. Nilitaja mahudhurio, nikatoa takwimu, nikakiita kibanda kile kitovu cha uhuni. Kila takwimu ilikuwa kweli. Ambacho hakikuwa kweli ni sababu. Watoto kukosa shule lilikuwa jambo la kushughulikiwa, na lilikuwapo kabla ya kibanda, kwa kuwa kubeba mizigo huko Benaco kuliwapa fedha. Niliandika kwa sababu niliona haya. Mwalimu mkuu, mzee wa watu, alikuwa amekaa benchi moja na utingo, akashikwa roho na lori la kutu, na alitamani kurudi mara ya tatu. Nilikifanyia kibanda kile nilichomfanyia yule mvulana wa Kufa na Kupona, tofauti yake tu ni kwamba safari hii sikuweza kuichukua filamu nyumbani.

Wiki moja baadaye kibanda kilifungwa. Siku ya gulio iliyofuata nilihesabu darasa la saba. Walikosekana wanane.

Mkalimani akapata kazi ya utingo katika malori ya kwenda Isaka.

Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, na malori ya chakula yakapungua. Bunduki zilizokuwa zimeingia hazikurudi zote. Kwa miaka mingi iliyofuata mapori ya Biharamulo yakawa mahali pa kutekwa. Mabasi yalisubiriana, yakaondoka kwa msafara, askari wenye silaha wakiwa ndani. Mimi mwenyewe nilisafiri hivyo mara nyingi kufuata mishahara ya walimu. Abiria hawazungumzi. Kila mmoja anatazama majani ya kando ya barabara, na kila gogo lililolala njiani ni swali. Katika safari zile niliifikiria sana filamu ya lori. Nilitambua kwamba nilikuwa naisimulia moyoni, sehemu baada ya sehemu, kwa sababu nilijua inakokwenda na nilijua itakoma. Barabara ya Biharamulo haikuniahidi hivyo.

Mwaka 2003, pale Nyakanazi penye njia panda, niliteremka kunywa chai wakati tunasubiri msafara. Mtu mmoja mwenye ndevu alisimama mbele yangu, akavua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Akacheka. "Mfulia mashati."

Tulikaa. Alinieleza kwamba mwaka 1998 lori lao lilitekwa usiku porini. Dereva alipigwa risasi akafa palepale. Yeye aliruka upande wa pili, akalala kwenye nyasi mpaka kulipokucha, akisikia sauti zao na vishindo vya magunia. Nilimuuliza kama aliwaona.

"Mwalimu," akasema, "kwenye lile lori la sinema angalau tuliona mkono. Mimi hata mkono sikuuona."

Nilijua hapo ndipo pa kusema. Nikamwambia kwamba barua iliyofunga kibanda ilikuwa yangu. Aliendelea kukoroga chai.

"Najua. Ilikuwa mezani pale kata nilipokwenda kuomba jenereta ya tajiri. Mwandiko ule nimeutazama ubaoni miaka saba, nitaachaje kuujua?"

Nikamwomba radhi. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliniuliza kama naikumbuka siku ya mama aliyepotelewa na mumewe. Nikasema naikumbuka. Akasema siku ile alinyamaza kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa amesimama nje akichungulia kupitia ufa wa mabanzi, na alimjua, alikuwa akimtafuta mumewe tangu mwezi Mei. "Nilitaka nimtungie mwisho mzuri," akasema, "nikaogopa ataamini." Honi ikapigwa, msafara ukaanza kujipanga. Alilipia chai zote mbili.

Nilistaafu mwaka 2009. Siku hizi mjukuu wangu ana simu ambayo ndani yake mna filamu nyingi kuliko zilizowahi kuingia Kagera kwa malori. Nilimweleza habari ya lori na ya mama wa jangwani, naye kwa muda mfupi akanitajia majina ambayo nilikuwa sijayajua miaka yote hiyo. Lile lori ni Duel, iliyoonyeshwa na ABC tarehe 13 Novemba 1971. Mwelekezaji wake, Steven Spielberg, alikuwa na umri wa miaka 24, na kazi ilipigwa kwa siku zisizozidi wiki mbili. Ilipokwenda kuonyeshwa katika majumba ya sinema huko Ulaya iliongezwa vipande ili ifike dakika 90. Aliyeitunga ni Richard Matheson, ambaye tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyouawa Rais Kennedy, alikuwa njiani kurudi nyumbani lori lilipomwandama yeye na rafiki yake. Mtu mwenye huzuni, barabarani, na lori nyuma yake: kumbe hadithi ile ilizaliwa katika siku kama zetu.

Mtunzi wa ile ya pili ni Matheson huyo huyo, nayo inaitwa Dying Room Only, ya mwaka 1973. Ile ya kwanza, nimeambiwa, ni maarufu duniani. Hii ya pili wanaoikumbuka ni wachache. Nafurahi kwamba baadhi ya wachache hao wako Ngara.

Nimejiuliza sana kwa nini vitu hivi vidogo vilitushika kuliko filamu kubwa za vita, zenye majeshi na mizinga, ambazo pia zilifika kibandani na kushangiliwa na kusahauliwa. Nadhani umaskini wao ndio uliowaleta kwetu. Mwenye fedha huonyesha mji unaoungua, nasi tulisema, poleni. Asiye na fedha alituonyesha rejeta inayochemka na mtu anayesema sikumwona, na hivyo vilikuwa vyetu. Tena zilitengenezwa zitazamwe na mtu mmoja nyumbani kwake, mlango umefungwa. Sisi tulizitazama watu sitini kwenye benchi kumi na mbili, kwa televisheni moja, na woga wa mtu mmoja ukigawanywa kwa sitini hubebeka.

Nadhani pia zilitusaidia kwa kuwa na kipimo. Baada ya dakika 90 jenereta huzimwa, unatoka nje, unaona mwezi. Tulikuwa watu tuliozungukwa na hofu isiyo na saa wala uso, na kwa shilingi 100 tuliuziwa hofu yenye mwanzo na mwisho. Nililiita jambo hilo uhuni. Leo ningewaandalia wanafunzi wangu Jumamosi moja kwa mwezi, tukae wote, kisha Jumatatu tuandike insha.

Barabara imetulia. Tangu mwaka 2019 mapori yale ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na Rusumo kuna daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa na marais wa nchi mbili mwaka 2016. Malori ni mengi kuliko ya wakati ule.

Mwezi uliopita nilimwomba mjukuu ampelekee Mkalimani filamu ya lori kwenye simu yake. Siku hizi yuko Lusahunga, anauza spea. Jioni likaja jibu, si la maandishi, bali la sauti. Alikuwa ameifungua filamu na kuisimulia upya toka mwanzo, kwa sauti ile ile ya kibandani, iliyokwaruza kidogo kwa umri. Gari dogo jekundu likaondoka. Lori likatokea na moshi wake. Akaeleza kutu, akaeleza honi. Kisha akasema kwamba upande wa kushoto wa kebini, msipomwona msidhani hayupo, amekaa utingo, kijana wa Ngara, na anamwambia bosi wake, mwache apite.